Salome wa Redioni Amenifukuzia Mke

Mshauri wetu mpendwa,

Kabla sijaomba msaada naomba ujue kwanza kwamba mimi siyo mtu wa kuomba msaada, muulize yeyote hapa Igogo kuanzia kanisani mpaka ziwani atakwambia Mzee Ndalahwa haombi, anaombwa, lakini jambo hili limenikalia vibaya, mwalimu wetu wa kwaya amenishauri ujinga na mchungaji yuko safarini, nikasema basi nimwandikie huyu wa gazetini, na kama wewe ni binti mdogo kuliko ninavyodhani basi marahaba, na kama ni mama mtu mzima, pokea salamu zangu.

Mimi ni besi. Nataka uanzie hapo kunielewa. Nimeimba sauti ya nne katika kwaya yetu tangu mchungaji wa sasa hajazaliwa na sikufundishwa na mtu, nilifundishwa na mashine, maana nilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba na ile mashine kubwa ilikuwa inaunguruma do ya chini kutwa nzima, mimi nabeba marobota huku ile do nimeishika tumboni, nikifika kanisani jioni bado ninayo, mwalimu anahangaika na kinanda mimi nimeshampa sauti. Shule niliingia kidogo nikatoka. Herufi za kwanza kuzijua kwangu hazikuwa a na e, zilikuwa d, r, m, f, s, l, t, zile za kuimbia, za ubaoni kwa kwaya, na wenzangu wa elimu ya watu wazima walipokuwa wanasokotana na neno baba mimi nilikuwa nasoma wimbo mzima kutoka juu mpaka chini. Kwa hiyo mtu asikwambie Ndalahwa hajui kuandika. Naandika polepole, lakini naandika.

Nilipostaafu nikawa nakaa nyumbani na redio, na hapo ndipo nilipowasikia hawa vijana na nyimbo zao za mapenzi. Mshauri, kila wimbo unaanzia chumbani. Hakuna salamu, hakuna mshenga, hata jina la mama wa binti hulisikii. Nikasema hawa hawajui mapenzi yanaanzia wapi, mapenzi yanaanzia kwenye benchi la kwaya, na anayejua hilo ni besi peke yake, kwa sababu besi anasimama nyuma na maneno yake ni machache, wenzake wanaimba shairi zima yeye anaimba bum, bum, Bwana, bum, basi muda wote huo anasikiliza. Wa mbele hawasikii, wa nyuma tunasikia wote. Najua nani ana mafua, nani amegombana na mumewe asubuhi, na kijana gani wa sauti ya tatu anamwimbia Mungu na yupi anamwimbia msichana wa benchi la pili.

Ndipo nikaanza kutunga hadithi za mapenzi za Kikristo. Siwezi kuziandika hivi hivi kama wengine wanavyoandika. Kwanza nachagua wimbo wa kwaya, wa zamani, naimba besi yake mdomo umefungwa, nazunguka uani, naimba tena, na nikishazunguka vya kutosha watu wanaanza kuja, sauti kwanza, sura baadaye. Sauti ya kwanza huja kama binti anayependa kuonekana. Sauti ya tatu huja kama kijana mwenye haraka. Sauti ya pili haiji upesi, na ndiyo ya kuoa, maana hakuna anayeisikia mpaka siku ikikosekana. Nikishawapata wote wanne nakaa naandika, na katika hadithi zangu hakuna anayeshikwa mkono kabla ndoa yake haijatangazwa kanisani Jumapili tatu, na watu bado wanalia. Redio ya kanisa inazisoma kila Jumamosi mchana, baada ya matangazo ya vifo. Msomaji ni Gladness, binti mwenye adabu, yeye ndiye ananinyooshea nukta na mikato, na anasema simu zinaingia mpaka kutoka Nansio kule kisiwani. Ashish mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye dini yake ni ya Kihindu kabisa, alinisimamisha barabarani akasema, "Mzee, huyo Salome anaolewa lini? Mama watoto amenituma niulize." Nikamwambia mwambie avumilie kama Wakristo.

Sasa huyo Salome ndiye aliyeleta balaa. Hadithi inaitwa Salome wa Sauti ya Pili. Ni binti wa kisiwani, baba yake analima mihogo, anapendwa na Yoeli, ambaye ni besi, mrefu, ana kifua, mchapakazi, ana akili, usiniulize nimempata wapi Yoeli. Sura ya tisa ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na nyingi ni nzuri. Kwaya inamaliza wimbo, mwalimu anafunga mkono, wote wananyamaza isipokuwa Salome. Sauti yake inabaki. Siyo sana, kidogo tu, kama mtu aliyefika mlangoni akageuka kuangalia kama ameacha kitu ndani, halafu inazimika, na Yoeli kule nyuma anajua ndiye huyu. Gladness alipofika hapo alinyamaza redioni mpaka akasahau kutaja jina la mtunzi. Nilimsamehe.

Jumapili iliyofuata tukasimama kuimba. Tukamaliza, mwalimu wetu Revocatus akafunga mkono, na sauti ya mtu mmoja ikabaki. Teodora. Huyu ni mjane, anauza vitenge sokoni, siku hizi ndiye anayeongoza sauti ya pili, na kuvuta mwisho ndio mtindo wake wa miaka yote, hakuna aliyewahi kuujali. Siku hiyo kanisa zima likamgeukia Teodora, halafu likanigeukia mimi. Mama mmoja akasema, "Heee! Salome mwenyewe huyu!" na kicheko kikatembea benchi hadi benchi mpaka kwa wazee wa kanisa.

Mshauri, mimi nilimficha Salome vizuri. Salome hauzi vitenge. Hajafiwa. Ana miaka ishirini na kiuno chembamba, na amezungukwa na maji pande zote. Lakini watu wa kwaya hawaangalii kiuno, wanasikiliza, na jina nilibadilisha, sauti nikaiacha.

Mke wangu Dorcas alikuwepo kanisani. Yeye haimbi siku hizi, anakaa na akina mama. Tukarudi nyumbani, akapika, akaninawisha, akaweka ugali na sato, akakaa.

"Baba Kija," akasema, "huyo mtu wako wa redioni anajua kuvuta sauti."

"Salome? Anajua sana."

"Anakaa wapi?"

"Kisiwani. Si umesikia?"

"Nimesikia. Nikadhani amehamia sokoni."

"Mama Kija, ile ni hadithi."

"Najua ni hadithi. Naishi nayo nyumba moja, naipikia."

"Kula samaki."

"Kula wewe, Yoeli."

Nikala, na sikuongeza neno, kwa sababu mtunzi hajielezi, akishaanza kujieleza amekwisha. Jumamosi ikaja sura ya kumi, Yoeli anamwambia rafiki yake kwamba duniani kuna sauti nyingi lakini ya kurudi nayo nyumbani ni moja, na Dorcas akanyanyuka akazima redio Gladness hajamaliza sentensi. Kesho yake akafunga nguo zake akaenda Buhongwa kwa binti yetu Kija, akasema Kija ana kazi nyingi na watoto wanamsumbua. Hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya, mimi kwa kugombana siyo mgeni. Alinisagia unga kabisa akauacha, akaniloweka maharage. Nikipiga simu anapokea, anauliza kama nimekula, nikisema nimekula anasema haya, anakata.

Halafu akaja Teodora, akasimama hapo uani, hakutaka hata kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

"Mzee, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Watu wanakuja mezani kwangu kuniangalia, hawanunui. Wananiita Salome mbele ya wanangu. Mama Kija ndiye aliyenifundisha kuimba, nilikuwa binti mdogo akanisimamisha ubavuni kwake, juzi nilimwona Buhongwa stendi akavuka barabara asinisalimie. Mzee, nitoe humo."

"Humo haumo."

"Kama simo, yumo nani?"

Nikamwambia hilo siyo la msikilizaji kuuliza. Akaniangalia, akaondoka. Jumapili aliimba mdomo nusu, na Revocatus alipofunga mkono akakata na wenzake kama kisu. Wimbo ukaisha kama mlango uliobamizwa. Nakuambia ukweli sikuupenda.

Revocatus naye akanifuata baada ya ibada. "Mzee, kwaya inaharibika. Mhamishe Salome sauti ya kwanza."

"Haendi."

"Basi muue."

"Nimuue na nini?"

"Hata homa tu, mzee. Sura moja, amekwenda, tunazika, tunaendelea na mazoezi."

Huyo ndiye mwalimu tuliye naye. Salome hafi, na sauti ya kwanza haendi.

Sasa wewe nakwambia ambalo sijamwambia mtu. Salome ni Dorcas. Angekuwa nani mwingine? Tulikwenda Nansio na meli kwenye mkutano wa kwaya, mimi kijana, na siku ya mwisho kwaya zote zikaungana kuimba pamoja, wenyeji mbele, wageni nyuma, mimi mwisho kabisa kwa sababu ya urefu. Mwalimu wao akafunga mkono, na sauti ya msichana mmoja ikabaki. Alikemewa pale pale mbele ya umati, "Wewe wa pili, mkono huuoni?" akainamisha kichwa. Mimi nilirudi Mwanza nayo ile sauti, kiwandani mashine inaunguruma do na juu yake naisikia, wiki hadi wiki, mpaka nikamwambia baba nimepata mke na jina lake silijui. Tukamtafuta, tukamuoa. Akaja kwaya yetu, akaongoza sauti ya pili, walimu wote waliopita walimkataza kuvuta na hakuweza kuacha, na kati ya mabinti wote aliowafundisha, huyo Teodora peke yake akaiokota. Halafu Dorcas akaota rovu shingoni. Kwaya ilipokwenda kurekodi kanda yetu ya kwanza yeye alikuwa wodini. Walimpasua, akapona, namshukuru Mungu, lakini sauti ilitoka pale imekwaruzika, akafua sare ya kwaya, akaipiga pasi, akairudisha, na hajaimba tena hata jikoni.

Habari ya ile noti iliyobaki Nansio sikuwahi kumwambia. Kwa nini nimwambie? Nilimuoa, hilo si jibu? Na sasa nimemtungia hadithi nzima, imesikika mpaka visiwani, na aliposikia sura ya tisa alitakiwa ajijue, mtu hajijui sauti yake mwenyewe? Anajua. Anajifanya. Mimi siendi Buhongwa kumbembeleza mtu kwa sababu ya hadithi niliyomtungia yeye mwenyewe, aliyetungiwa ndiye anayekuja kushukuru.

Shida yangu ni sura ya mwisho. Salome na Yoeli wametangazwa Jumapili zote tatu, kanisa limepambwa, Gladness ananipigia kila siku. Nikimwozesha Salome, watu watasema Ndalahwa amemuoa Teodora redioni. Nisipomwozesha nitakuwa nimemkana Dorcas. Na hata nikitaka kuandika siwezi, naimba besi yangu, nazunguka uani, naimba tena, hakuna anayekuja.

Kwa hiyo naomba hivi. Kija hununua gazeti lako kila Ijumaa jioni akitoka kazini, na ukurasa wako anamsomea mama yake wote. Andika hapo kwa herufi nene kwamba mke mwenye akili anajitambua mwenyewe bila kuambiwa, na arudi nyumbani. Majina usibadilishe. Langu liandike lote.

Ni mimi,
Mzee Ndalahwa,
Besi na Mtunzi,
Igogo, Mwanza.

JIBU

Mzee Ndalahwa, shikamoo. Marahaba yako nilishaipata mwanzoni mwa barua.

Majina nimebadilisha, yote, na la kwako pia, ingawa umenikataza. Lakini nimekufanyia kama ulivyomfanyia Salome wako, nimebadilisha jina nikaacha sauti. Mtu wa Igogo akifika mstari wa tatu atakuwa ameshakutambua na anaita majirani. Sasa unaelewa jinsi inavyokuwa kukaa sokoni huku unatazamwa.

Nianze na huyo huyo wa sokoni, maana wewe umemtaja kama mtu aliyekuja kukusumbua. Alikuja kwako kwa heshima, akakuamkia, akakuuliza swali moja la haki, na wewe ukamjibu kama vile amepiga simu redioni. Yeye siyo msikilizaji, mzee. Ni mjane anayeuza vitenge ili watoto wale, na ulikuwa na maneno matatu ya kumwondolea aibu, Salome ni Dorcas, ukayameza kwa sababu mtunzi hajielezi. Nani alikufundisha hivyo? Maana umesema hukufundishwa na mtu.

Sasa nikusifu kidogo, kwa kuwa naona unapenda. Nilipofika pale pa mtu anayegeuka mlangoni kuangalia kama ameacha kitu, niliiweka barua yako chini, nikaangalia dirishani. Unajua kuandika. Na hizo hadithi za watu wasioshikana mikono mpaka watangazwe, endelea nazo, wapo wanaozihitaji, na mimi ni mmoja wao.

Lakini umeandika kitu kimoja ambacho hukukisoma wewe mwenyewe. Umesema wa mbele hawasikii, wa nyuma wanasikia wote. Haya. Siku ile Nansio wewe ulisimama wapi? Na Dorcas alisimama wapi?

Unasema anajua, anajifanya. Mzee wangu, atajuaje? Ile noti wewe uliisikia kutoka nyuma ukarudi nayo mpaka kiwandani. Yeye alichokipata ni mwalimu anayemuuliza mbele ya umati kama hauoni mkono. Kwako ni sababu ya kuoa. Kwake ni kosa, kosa alilokemewa usichana wake wote na walimu wote waliofuata, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia vingine, pamoja na mume aliyekuwa anasimama mgongoni kwake kila Jumapili. Kanda iliporekodiwa alikuwa wodini. Mkeo hajawahi kujisikia, hata mara moja. Mtu pekee ambaye yeye amewahi kumsikia akivuta mwisho namna hiyo ni Teodora, aliyekuwa ubavuni kwake. Leo redio inatangaza kwamba sauti inayobaki ndiyo ya kurudi nayo nyumbani, na yeye katika dunia hii anamjua mwenye sauti hiyo mmoja tu. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Ungekula samaki?

Na kuna lingine. Huyo mama alifua sare, akaipiga pasi, akairudisha. Amekaa miaka na koo lililokwaruzika, haimbi hata jikoni, na wewe hujawahi kumuuliza kwa nini hata jikoni. Halafu Jumamosi mchana anamsikia mumewe akilia kwa ajili ya koo zima la msichana wa miaka ishirini. Hata angejitambua, mzee, angejitambua kama marehemu. Usishangae alizima redio. Ila kumbuka kwamba alikusagia unga kabla hajaondoka. Aliyekuchoka hasagi.

Kwa hiyo herufi nene sitaandika. Unataka mimi nibebe mpaka Buhongwa neno ambalo wewe hukulibeba kutoka kiti hadi kiti, mezani, miaka yote hiyo. Buhongwa siyo Ulaya. Utakwenda mwenyewe.

Sura ya mwisho usiiandike. Mpigie Gladness, mwambie Jumamosi hii apige nyimbo, wasikilizaji hawatakufa, na Ashish atamtuliza mama watoto. Hakuna anayekuja ukizunguka uani kwa sababu wote wanamsubiri huyo mmoja aliye Buhongwa.

Ukifika kwa Kija usiende na daftari. Usimtaje Yoeli, kifua chake wala akili zake. Kaa chini, umwambie mkeo siku ile Nansio ulisimama wapi. Mwambie wageni walikuwa nyuma na wewe mwisho kwa urefu. Mwambie habari ya mashine, na kwamba ulimwambia baba yako umepata mke ambaye jina hulijui. Hiyo hujamwambia, au siyo? Nilijua. Umemwambia mshauri wa gazetini usiyejua hata umri wake.

Huenda asiamini. Amekaa na kosa hilo muda mrefu, halitatoka kwa maneno. Basi imba. Ule wimbo wa Nansio unaukumbuka, usinidanganye. Imba besi yako peke yako, hapo hapo mbele ya wajukuu, mdomo wazi safari hii. Besi peke yake ni kitu cha kusikitisha, bum, bum, na yeye aliyeongoza sauti ya pili muda wote huo hataweza kukaa akiisikia imekosa mwenzake. Akiingia, aingie na sauti aliyonayo. Usimsahihishe. Usimsifu katikati. Mkifika mwisho, wewe kata, kisha unyamaze, na najua kwako hilo ndilo gumu kuliko yote niliyoandika. Sikiliza kama ulivyosikiliza ile siku. Kama kitabaki kitu, hata kama ni mkwaruzo, mwambie ndiyo hii. Kama hakitabaki, mwambie hivyo hivyo, uliisikia, unayo, iko salama kwako.

Kurudi Igogo lini ataamua yeye, usimharakishe. Akishajua, na akikuruhusu, nenda sokoni mchana kweupe, siyo kwa kuvizia, ukasimame mbele ya meza ya Teodora, watu wakiwepo, useme kwa hiyo sauti yako ya chini inayosikika mpaka ziwani kwamba Salome ni mke wako, na Teodora aliokota kwake. Umwombe msamaha. Ununue na kitenge, uchague kizuri. Jumapili mwache avute mwisho wake kwa raha, na Revocatus akikunja uso, simama mbele yake kwa urefu wako.

Nikukumbushe na hili. Gazeti linafika Igogo Ijumaa asubuhi. Kija hulinunua jioni akitoka kazini, umeniambia mwenyewe, na ukurasa wangu anamsomea mama yake wote, na barua yako imo humu yote, pamoja na Nansio, pamoja na mashine. Ukibaki hapo kitini, mkeo atayasikia haya kwa mdomo wa binti yake, kutoka kwangu, nisiyejua kuimba. Kati ya asubuhi na jioni una nafasi ya kufika kabla yangu.

Vaa viatu, mzee.